Siku mshukiwa alipopewa dhamana na ndugu yetu bado hajaonekana: tupeane uzoefu

Dada wa Mwisho

Nawasalimu nyote. Kwa siku tatu sasa ninasoma yanayoandikwa kuhusu mshukiwa aliyeachiliwa kwa dhamana huku mtu anayedaiwa kutekwa naye akiwa bado hajulikani aliko. Wako wanaosema hakimu amekula mlungula, wako wanaosema kesi imezikwa, na wako wanaoandika mstari mmoja tu kwamba sheria ni sheria, kisha wanakwenda zao kulala. Mimi usingizi umenipaa, kwa sababu siku kama hiyo niliwahi kuikalia kwenye benchi la pili, mkono wa kushoto wa mama yangu.

Kaka yangu alikuwa ametoweka kwa miezi mitano. Hakimu alisoma uamuzi akiwa ameinamia karatasi, sauti yake ikimezwa na feni, na mama, ambaye sikio lake moja halisikii vizuri, akaniuliza amesema nini. Nilimjibu kwa haraka, "Amesema arudi mwezi ujao." Mama alinishika goti kwa mikono miwili akamshukuru Mungu, na ilinichukua kitambo kuelewa kwamba alidhani anayerudi ni mwanawe. Maneno niliyoyatafuta dakika ile ili nimsahihishe, mpaka leo sijayapata.

Waliopitia siku hiyo, naomba tupeane uzoefu. Wazee nyumbani mliwaeleza nini? Na yule mtu alipopita mbele yenu, mlimtazama au mliinamisha macho?

Mama Pacha

Pole sana, dada yangu. Hilo la "arudi" limenigusa ninapoumia. Kwetu alipita mlangoni amebeba mfuko wake wa nguo za mahabusu, umefungwa vizuri, nami nikawaza kwamba sisi hata nguo hatukurudishiwa.

Mwalimu wa Zamu

Sikukusudia kuandika, lakini nimesoma habari ya benchi nikajikuta nimekwisha kaa.

Aliyepotea kwetu ni baba. Aliyeshtakiwa ni kijana aliyekuwa akimsaidia kazi, ambaye alikula kwetu na kumwita mama yangu mama. Simu ya baba ilikutwa kwake, naye akaeleza kwamba alipewa akaitengeneze kioo. Kwa kuwa mwili haukupatikana, upande wa mashtaka haukuthubutu kutamka mauaji. Alifikishwa kizimbani kwa utekaji na kwa wizi wa simu, na katika mashtaka hayo mawili lililokuwa na ushahidi wa kushikika ni lile la simu, ambalo machoni petu halikuwa kitu kabisa. Wakili wake alisimama akasema mteja wake ana makazi yanayojulikana. Ni kweli yalijulikana. Yalikuwa nyuma ya ukuta wetu.

Uamuzi wenyewe haukuniumiza kama jioni yake. Tulikaa sebuleni bila kuwasha taa, na mnamo saa moja usiku tukasikia vigelegele upande wa pili wa ukuta. Havikuwa virefu, nadhani mtu mzima aliwakemea wakanyamaza. Mama aliinuka akafunga dirisha, kisha akaenda mlangoni zilipokuwa kandambili za baba, ambazo tangu siku ya kwanza alikataza zisiguswe, akazipangusa vumbi kwa upindo wa kanga na kuzirudisha palepale, ncha zikielekea ndani. Akasema, "Asije akadhani tumezitoa."

Asubuhi yake nilikutana na kijana yule njiani. Alisogea pembeni kunipisha, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa salamu. Mdomo wangu ulijibu marahaba kabla sijaukataza, na watu walioniuliza baadaye kwa nini sikumkaba koo sikuweza kuwaeleza kwamba kilichonitesa si kutomkaba, ni ile marahaba.

Laini ya baba tuliendelea kuipigia kila Ijumaa, ingawa haikuwa hewani. Siku moja ikaita. Mama alipiga ukelele uliowaleta majirani wote, wakiwemo wale wa nyuma ya ukuta. Aliyepokea alikuwa msichana aliyesema kwamba laini ameinunua wiki iliyopita; kumbe namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni humpa mtu mwingine. Hakutukatia. Alingoja mama amalize kulia, ndipo akaaga.

Msafiri wa Usiku

Nilipofika kwenye kandambili niliiweka simu chini.

Karani Mstaafu

Poleni nyote. Nilitaka kuandika "wafiwa" nikalifuta, kwa kuwa hilo ni neno ambalo hakuna mwenye haki ya kuwapa.

Nimefanya kazi masijala ya mahakama nchini Kenya, na ningependa jambo moja lieleweke kabla hasira hazijapanda zaidi: dhamana si kuachiliwa huru. Ibara ya 49(1)(h) ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya kupewa dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumnyima, na haki hiyo inamfikia hata mshtakiwa wa mauaji, jambo ambalo kabla ya Katiba hiyo halikuwezekana. Katika hatua hiyo hakimu haamui kama mtu huyu ametenda. Anapima kama atarudi mahakamani, kama atawatisha mashahidi, kama atavuruga ushahidi. Nimeshuhudia familia zikija kulia mbele yake bila kumpa hata moja kati ya hayo, na hakimu, hata awe na moyo wa huruma namna gani, machozi hawezi kuyaandika kuwa sababu.

Mwanasheria wa Mtaani

Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, usiwachanganye watu, kwani hiyo ni Kenya. Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inayataja makosa yasiyo na dhamana kabisa, yakiwemo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa kukifuta kifungu hicho kilipopingwa. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini mtuhumiwa ametoka aulize kwanza ameshtakiwa kwa kosa gani, maana siri yote imejificha kwenye hati ya mashtaka. Na neno sahihi ni mtuhumiwa, si mshukiwa.

Karani Mstaafu

Marahaba. Akishapanda kizimbani ni mshtakiwa, kwa hiyo sote tumekosea. Lakini nijibu hili: wale wanaokaa rumande miaka kisha wakaambiwa ushahidi haukutosha, nani huwarudishia hiyo miaka?

Mwanasheria wa Mtaani

Na wale wanaoachwa nje wakatoroka, nani huwarudisha kizimbani?

Dada wa Mwisho

Wakubwa zangu, nawaomba. Niliuliza mliwaambia nini wazee nyumbani.

Niliyeweka Hati

Swali la hao wanaotoroka nitalijibu mimi, kwa sababu nilimdhamini mmoja wao. Najua mtanitukana, na sitawazuia.

Mshtakiwa alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Aliyepotea alikuwa rafiki yake, kijana wa umri wake, na mpwa wangu alikuwa mtu wa mwisho kuonekana naye. Dada alikuja kwangu usiku akapiga magoti, mtu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, nami nikatoa hati ya ardhi yangu kutoka chini ya godoro. Karani alinisomea masharti polepole, kwamba mshtakiwa asipofika mimi ndiye nitakayejibu, na nikatia sahihi. Mpwa wangu sikumuuliza kama alifanya. Nilimuuliza tu kama atahudhuria, akaniapia, nikaridhika. Kosa hilo nalikubali.

Kesi ilipotajwa mara ya kwanza alikuja, na mara ya pili alikuja. Katikati hapo picha yake ilianza kusambazwa, na nyumba ya dada ikaonyeshwa mpaka rangi ya geti. Mara ya tatu jina lake liliitwa mlangoni mara tatu, kama ilivyo desturi ya mahakama, na kila lilipoitwa watu waligeuka kunitazama mimi. Hati ya kumkamata ikatolewa, nami nikaamriwa nije nieleze kwa nini dhamana yangu isichukuliwe.

Sasa nisikilizeni. Nilikwenda chumbani kwake. Kitambulisho chake kilikuwa mezani, viatu vyake vyote viwili vya kutokea vilikuwa chini ya kitanda, na chaja ilikuwa ukutani. Mtu anayetoroka huacha chaja? Sijui kama alikimbia au kama kuna watu waliochoka kungoja mahakama. Nilipokwenda kituo kimoja cha polisi kuripoti kwamba amepotea, aliyekuwa zamu alicheka, akaniambia, "Huyo hajapotea, huyo anatafutwa."

Msafiri wa Usiku

Alipatikana?

Mama Pacha

Baba, alipatikana au hakupatikana? Tafadhali usituache hapo.

Jicho la Tatu

Hadithi ya kutunga hii. Chaja haikutoshi, umetuwekea na viatu. Na kama ni kweli, wewe uliyemtoa ni mshiriki, usije hapa kutafuta huruma katika msiba wa wenzako.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu, mimi ni miongoni mwa hao wenzake unaowasemea, na sijakutuma. Mwache aseme.

Jicho la Tatu

Basi msilalamike watakapotoka wote.

Karani Mstaafu

Nisaidie kuongeza jambo ambalo wanaosambaza picha za washtakiwa hawalifikirii. Kifungu cha 123A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinairuhusu mahakama kumnyima mtu dhamana kwa ajili ya usalama wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba, kama watu wanatishia kumchoma, wa kumwambia hakimu jambo hilo wapo, na njia ya kumwambia ipo. Mshtakiwa akifa, siri ya aliko mwenzake anakufa nayo.

Mwanasheria wa Mtaani

Hapo nakubaliana na mzee, na iandikwe kwamba nimekubali.

Binti wa Fundi

Ushauri wangu ni mmoja: pigeni kelele. Kwetu tulinyamaza kwa sababu tuliambiwa tusiharibu upelelezi, na jalada likakaa kabatini mpaka mpelelezi akahamishwa.

Mama Pacha

Sisi tulipiga kelele, waandishi wakaja siku mbili, ya tatu wakapata habari nyingine, na tuliobaki nayo ni namba yetu ya simu iliyoenea kila mahali. Matapeli walitupigia kwa miezi, kila mmoja anamshikilia ndugu yetu, kila mmoja anataka atumiwe pesa kwanza. Mmoja alituwekea mtu analia kwa mbali. Wekeni namba ya pili kwa ajili ya matangazo, na ile ya nyumbani ambayo aliyepotea anaijua kwa kichwa msiibadilishe kamwe.

Binti wa Fundi

Kwa hiyo tunyamaze au tupige kelele?

Msafiri wa Usiku

Pigeni kelele kwa namba ya pili.

Karani Mstaafu

Pamoja na kelele, andikeni. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka usalama wa mwathiriwa na familia yake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Kwa hiyo mpeni mwendesha mashtaka barua kabla ya siku ya uamuzi, yenye tarehe na saa: nani alifuatwa njiani, nani alipigiwa simu, shahidi gani anaishi mlango mmoja na mshtakiwa. Ombeni awekewe sharti la kutowakaribia. Mwalimu, lile la makazi nyuma ya ukuta lingepaswa kusemwa na mtu wa upande wenu siku ileile.

Mwalimu wa Zamu

Hakuna aliyetuambia kwamba tungeweza kusema. Tulidhani sisi ni watazamaji. Tulivaa vizuri, tukakaa, tukatazama.

Mjukuu wa Sita

Naongeza dogo. Kwa sheria ya ushahidi ya Kenya, mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangemsikia huchukuliwa kuwa amekufa. Shangazi alipotuambia hivyo tulikasirika, lakini wadogo wa aliyepotea walihitaji kugawa shamba na ada zilikuwa zimekwama. Sasa tumo katika mwaka wa sita, na bibi anauogopa mwaka ujao kuliko alivyoiogopa siku ya dhamana, kwa sababu anasema siku ile angalau ilikuwa na mtu wa kumchukia.

Dada wa Mwisho

Nawashukuru. Kwa kuwa nimewauliza, na mimi nijibu swali langu. Mama nilimwambia ukweli siku ya pili, nikiwa nimempa mgongo ninaosha vyombo. Alikaa kimya, kisha akauliza kama na yule kijana ana mama. Nilisema ndiyo. Akasema, "Basi mmoja wetu amelala."

Msafiri wa Usiku

Niliyeweka Hati, bado tunakungoja. Alipatikana?

Niliyeweka Hati

Hapana. Huu ni mwaka wa pili.

Hati bado inashikiliwa na mahakama, na kila ninapoitwa kueleza ninaeleza yaleyale. Koridoni pale kuna benchi moja tu, kwa hiyo mama wa yule kijana wa kwanza na mimi hukaa pamoja. Siku ya kwanza watu wake walinitemea mate, lakini yeye aliuondoa mkoba wake akaniachia nafasi, akaniuliza, "Na wewe siku hizi hulali?" Namba yake ninayo. Juzi alinipigia kwamba amesikia kuna mtu ameonekana, umri unalingana, ila hakuambiwa ni yupi kati ya wawili wetu. Tunakwenda pamoja Jumatatu.