"INAINGILIANA": neno lililoipandisha Bighorn yangu juu ya matofali hapa Tanga

Wakuu, heshima zenu. Leo sina salamu ndefu. Nimekuja kulia, na kama kuna muuza spea humu avumilie tu. Hela yangu wenzake wameshaila, na hili nalo walimeze.

Nina Isuzu Bighorn ya 1995, ile ndefu, chasisi UBS69, injini 4JG2 ya dizeli yenye turbo, lita 3.1. Niliinunua Dar mkononi kwa mtu nikaileta Tanga kwa kazi moja: kupanda Amani, kule milimani, kuchukua iliki na pilipili manga kwa wakulima, kushuka Muheza, kuingia mjini. Waliowahi kupita njia ya Amani wakati wa masika wanajua kwamba gari za chini huko zinakwenda kusukumwa. Miaka minne Bighorn haijawahi kunilaza njiani.

Miezi miwili iliyopita wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, ikaanza kulia na kudondosha maji. Jambo la kawaida, chuma kinachoka. Nikaingia Ngamiani, barabara kwa barabara, duka kwa duka. "Isuzu? Ipo!" Halafu linatolewa boksi la lori. Hapa kwetu Isuzu maana yake ni lori la machungwa, basi. Ukisema Bighorn, kijana anakutazama kana kwamba umemuulizia spea ya meli. Ukisema Trooper anachangamka, "aaah, Trooper!", kumbe hajui kwamba ni gari lile lile. Japani liliuzwa kama Bighorn, nchi nyingine Trooper, Australia likaitwa Holden Jackaroo, na Ulaya kuna yaliyobandikwa nembo ya Opel yakaitwa Monterey. Jina halikusaidii kitu. Kinachosaidia ni kibati kilichomo ndani ya boneti, chenye aina ya gari na chasisi namba. Dizeli za kuanzia 1998 ni UBS73 yenye injini 4JX1, na huyo ni mnyama mwingine kabisa, hata nozeli zake zinasukumwa kwa presha ya oili ya injini. Muuzaji asiyekuuliza chasisi namba anakuchezesha bahati nasibu kwa hela yako.

Nikapewa namba ya muuzaji wa Dar, pande za Gerezani. Simtaji, na msinifuate pembeni kuniuliza. Nikamtumia picha ya kibati. Nikamtumia na picha za pampu ya zamani, mbele, nyuma na ubavuni, na rula nimeilaza kando yake. Jibu halikuchukua hata dakika mbili: "Ipo mjomba. Ya pikapu lakini inaingiliana." Yaani ya gari lingine, ila itakaa kwenye langu. Una uhakika? "Nimeuza nyingi sana hizo." Laki moja na themanini, pamoja na kuipakia kwenye basi. Nikaulizia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema ukitaka hiyo bei inabadilika. Mtu mwenye akili angekata simu pale pale. Mimi nikatuma hela.

Boksi likafika, zuri, jeupe, nembo inang'aa. Fundi wangu ni mzee mmoja wa Chumbageni, mtu wa maneno machache. Akaigeuza ile pampu mara mbili, akaguna. Akaipandisha: bolti zote zikaingia. Na hapa ndipo neno lao linapopatia nguvu, maana kwa muuza spea matundu yakilingana kazi imekwisha. Lakini shafti ilikuwa imetokeza mbele kuliko ya zamani, kiasi cha unene wa kidole cha shahada. Puli ikakaa nje ya mstari wa puli ya krenki. Ukiinama ukachungulia kwa ubavuni unauona mkanda umekwenda mshazari. Mzee akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Mwanangu, hiki kitaula mkanda."

Nikampigia muuzaji, nikamweleza shafti, puli, mshazari, kila kitu. Anasema: "Fungeni tu mjomba, mkanda utajipanga wenyewe."

Utajipanga wenyewe! Mkanda!

Najua mtanisema. Mzigo wangu ulikuwa umelala Amani, mvua zimeanza, na iliki ikiingia unyevu unaigawa bure. Mzee hakutaka, mimi nikamlazimisha, tukafunga. Kupanda nikapanda salama, nikapakia. Wakati wa kurudi nimeshaiacha Muheza, Pongwe bado, nikasikia pa! kama mtu kachapa bati kwa mjeledi. Taa ya chaji ikawaka. Nyuma yangu kuna basi linanipigia honi, sehemu ya kupaki haionekani, na mpaka napata upenyo mshale wa joto umeshalala juu kabisa. Nilipofungua boneti mvuke ulinifukuza. Mkanda niliukuta chini, ukingo mmoja umesagika wote, nyuzi zinaning'inia kama ukili uliofumuka.

Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, na gasketi inayoziba kati yake na bloku imekwenda. Kuvutwa mpaka mjini, kuisawazisha hedi kwenye mashine, oili mpya, siandiki jumla, mke wangu anapitaga humu.

Mkadhani nimeshajifunza na kazi imekwisha. Gasketi ya hedi ya injini hii haina unene mmoja. Fundi anapima pistoni zimetokeza kiasi gani juu ya bloku, ndipo anachagua, na pembeni mwa gasketi kuna mikato midogo inayokuonyesha umeshika ya unene gani. Mzee alipima, akanionyesha mikato ya ile ya zamani kwa ncha ya bisibisi. Nikapiga simu maduka sita, Tanga na Dar. Nikitaja mikato, simu inakuwa kimya. Mmoja akacheka kabisa, "Gasketi ni gasketi, shehe." Mwingine akaniambia, na nyinyi mshajua, inaingiliana. Ukikosea unene hapo, ama pistoni inagonga, ama injini inapoteza kompresheni na asubuhi haiwaki. Inaingiliana na nini sasa?

Kuhusu kurudisha pampu, yule bwana alikuwa na jibu tayari: kitu kikishafungwa hakirudi, na kwenye karatasi imeandikwa. Kweli imeandikwa, kwa muhuri wa zambarau, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Mimi nilitoa maelezo, nikatoa picha, nikaweka na rula! Lakini nani atapanda basi mpaka Dar kudai laki na themanini, mkononi ana karatasi isiyo na jina la duka? Wanalijua hilo kuliko hakimu.

Jamaa akanishauri nivuke Horohoro nijaribu Mombasa. Nikaenda. Kijana wa duka la kwanza hakuwa na pampu. Ila aliniuliza chasisi, swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu tangu nianze kuzunguka. Akaingiza kwenye simu, akaipata namba ya Isuzu, tarakimu kumi, inaanzia 8-97, akainakili kwenye kipande cha boksi. "Boss, tafuta hii namba, usikubali ingine." Hakuniuzia kitu, hakunidai kitu. Nusura nimkumbatie.

Wale wa "uza ununue Prado" nishawasikia, kaeni. Gari lenyewe lililolala hivi nani ananunua? Na spea zipo, msinidanganye kwamba Bighorn imekufa kwa sababu iliacha kutengenezwa 2002. Injini hii hii ya 4JG2 ilifungwa mpaka kwenye folklift za TCM, kwa hiyo vyuma vya ndani vinatafutika. Pampu ya folklift sisemi kitu mpaka niipime, nisije na mimi nikawa muuza spea.

Wiki ya sita hii gari liko juu ya matofali nyuma ya gereji. Kuku wa mzee ametagia chini ya difu ya nyuma na mzee amekataza asisumbuliwe. Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Langu mimi limekuja, na haliondoki.

Kwa hiyo mwenye wota pampu ya UBS69, mpya au ya kung'oa, hela ipo na ninalipa mzigo ukifika. Nataka picha tatu: namba iliyochapwa kwenye chuma chenyewe (ya boksi kaa nayo), uso wa bolti, na ubavuni ikiwa na rula nione shafti imetokeza milimita ngapi. Mwenye gasketi anitumie picha ya mikato. Na atakayeandika lile neno hapo chini, wallahi namblock.