Ushauri: Kokoto zinasimama, changarawe za mto zinatambaa hadi kwa jirani

Mwenye uzi: Habari za jioni wakuu. Nina kieneo cha kuuzia vifaa vya ujenzi kando ya barabara. Tipa ikimwaga kokoto za kupasua, lundo linasimama vizuri. Ikimwaga changarawe za mto, zile za mviringo, zinatambaa mpaka mtaroni na jirani ameanza maneno. Kijana wangu anadai ni kwa sababu ni ndogo, wakati zote ni nusu inchi. Nifanyeje?

Mpasua Mawe: Mkuu, ukubwa unausingizia, mwenye kesi ni umbo. Kokoto ya mashine ina kona, inakaa kwenye pengo la wenzake wanakabana. Haisogei mpaka inyanyuke kwanza. Ya mto imesuguliwa na maji, ukiigusa inabingirika. Unadhani kwa nini reli hulazwa juu ya mawe ya kupasua? Mteremko wa kokoto hufika nyuzi 40 hivi, za mviringo hukaribia 30. Sasa piga hesabu: kwenye duara la upana wa mita 4, kokoto zinapanda karibu mita 1.7, yaani mita za ujazo 7. Changarawe zinaishia mita 1.15, mita za ujazo 4.8 tu. Lori likileta 7, lazima zimfuate jirani.

Mama Tofali: Si amwagie maji? Mchanga ukilowa mbona unasimama?

Mpasua Mawe: Mchanga sawa dada, chembe zake ni nyepesi, maji yanazishikanisha. Jiwe la nusu inchi maji hayaliwezi. Na huo mchanga subiri jua liwake uone.

Mwenye uzi: Nikichanganya na kokoto je?

Fundi Mkongwe: Usijaribu. Ukimwaga, nyingi za mviringo zitakimbilia chini, za kona zibaki juu, kila mteja apate mzigo tofauti. Jenga ukuta mfupi pande tatu, ila uwe imara kuliko ambao ungejengea kokoto, maana changarawe zinausukuma karibu nusu zaidi. Halafu mimi wasiwasi wangu uko kwenye hilo lundo unalolisifia. Vijana wakichota chini, kokoto hukabana zikabaki wima, kisha zinashuka zote kwa mpigo. Wachote kuanzia juu.

Mwenye uzi: Huko chini ndiko wanakochotea kila siku, kesho naanza nao. Ukuta wa tofali za inchi 6 utatosha?

Fundi Mkongwe: Usizidi mita moja, na uweke nguzo.