Mrejesho: Kadi janja kugoma kwenye rimoti desktopu

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa, ishu ilikuwa kadi janja (smart card, kadi yenye chipu ya kuthibitisha mtumiaji) inasoma freshi kwenye kompyuta yangu ila nikitaka kuingia nayo kwenye seva kwa rimoti desktopu (programu ya Windows ya kutumia kompyuta nyingine ukiwa mbali) naweka PIN, taa ya kisomeo inapepesa, halafu nakataliwa.

Kilichotibu ni ushauri wa kuacha kuunganisha kwa namba ya IP na kuandika jina kamili la seva pamoja na domeini yake (jina la mtandao wa ofisi ambamo seva imesajiliwa). Mdau alieleza vizuri sana, kuingia kwa kadi kunategemea Kerberos (njia ya Windows ya kuthibitisha mtumiaji kwenye domeini), na ukiweka IP mara nyingi mfumo unarudi kwenye NTLM, njia ya zamani ya uthibitishaji ambayo haijui kadi kabisa. Nikabadilisha hapo tu, PIN ikapita, nilifurahi mno aisee.

Tiki ya kadi janja kwenye mipangilio ya rimoti desktopu, kule Local Resources, ndani ya More, tayari ilikuwepo. Kufuta dereva (driver, programu inayoendesha kadi) na kuiweka upya kwenye kompyuta yangu hakukusaidia kitu, ila nilipoiweka na kwenye seva ndo nikaweza kusaini nyaraka nikiwa ndani ya sesheni, kwa hiyo aliyesema iwe pande zote mbili alikuwa sahihi.

Kilichobaki: nikichomoa kadi katikati ya kazi nikairudisha, sesheni haiioni tena mpaka nikate muunganisho niingie upya. Nimejaribu kurestati huduma ya Smart Card, wapi. Mwenye dawa ya hili aiweke hapa tafadhali.

Asanteni sana wote, mmeniokoa kweli.