Amekata uzi wa lebo kwa mkasi, mbele ya macho yangu!

Wanajamvi, mikono bado inanitetemeka. Ninyi mnaofanya kazi katika makusanyo ya makumbusho huku Marekani mnamjua mtu huyu, sina haja ya kumtaja. Leo asubuhi amechukua mkasi, akakata uzi uliofungwa shingoni mwa nyoka-maziwa (milk snake) aliyekaa katika spiriti tangu kabla baba yangu hajazaliwa, akaitupa lebo pipani, kisha akasema, "Si namba imo kwenye kompyuta?"

Kwenye kompyuta kuna jina la kisayansi, Lampropeltis triangulum, na neno Kentucky, basi. Lebo ilitaja kijito, umbali kutoka darajani, tarehe na idadi ya magamba ya tumbo. Mwaka 2014 watafiti walimgawa nyoka-maziwa katika spishi 7, na Kentucky ni mahali ambapo spishi mbili kati ya hizo, triangulum na elapsoides, aliyehesabiwa zamani kuwa nususpishi yake (tawi tu ndani ya spishi), wote wanapatikana. Rangi haikusaidii, kwa kuwa spiriti imekwisha kula wekundu wote. Kijito kile ndicho kilichokuwa ushahidi wa huyu ni spishi ipi, naye akakikata kwa mkasi! Ningekuwa na uwezo, ningemtumbukiza yeye mwenyewe katika formalini bila lebo, tuone atakumbukwa kwa jina gani.

Mzee wa Chupa: Pole sana, ndugu. Huyo huyo aliwahi kuwamimina nyoka wa chupa mbili katika chupa moja ili apate nafasi rafuni.

Gamba la Tumbo: Mkuu, ulikuwa umesimama hapo hapo, mbona hukumshika mkono? Pipa lina kina gani hata ushindwe kuinama? Unalia kama mjane.

Mleta uzi: Niliinama. Mfanya usafi alikuwa ameshapita. Nilichookota sakafuni ni kipande cha uzi wa pamba, urefu wa kidole, kimekakamaa na fundo la aliyekifunga bado limo. Fundo halikulegea miaka yote hiyo, mpaka ulipokuja ule mkasi.

Nukta Katikati: Mnazililia lebo zilizotupwa, ilhali zilizosomwa ndizo balaa. Lebo inataja kaunti tu, mtu anaweka nukta katikati ya kaunti, na mimi namkuta nyoka-mfalme (kingsnake), ndugu wa nyoka-maziwa, ziwani kwenye ramani.

Msaka Data: Afadhali wewe. Nyoka-mfalme aitwaye Lampropeltis getula aligawanywa mwaka 2009 katika spishi 5, lakini makumbusho mengine hayajabadilisha jina. Nimeomba rekodi za getula, nimeletewa nyoka kuanzia North Carolina hadi California, na wiki nzima nawachambua mmoja mmoja.

Nukta Katikati: Unachambua kwa jimbo au kwa kaunti? Wale wa Texas, mpakani mwa holbrooki na splendida, mbili kati ya spishi hizo 5, umewaweka wapi?

Msaka Data: Usinikumbushe Texas. Nina rekodi chungu nzima zilizoandikwa "Texas" tu.