Tupeane uzoefu: baiskeli ya resi ilikuumiza wapi, na uliirekebishaje?

Mdau wa Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya resi iliyotumika, nikawa natoka nayo nyumbani hadi Mtumba, hapa hapa Dodoma, na kurudi, siku 3 kwa wiki. Mwezi haujaisha, goti la kushoto likaanza kuuma kwa mbele, kupanda ngazi ikawa shida. Kila niliyemuuliza alisema nivumilie, mwili utazoea. Nilivumilia miezi 2, na hapo ndipo nilipojiumiza zaidi.

Fundi mmoja mjini ndiye aliyenifumbua macho. Alinipandisha nikiwa nimeegemea ukuta, akaniambia niweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ulitakiwa unyooke. Wangu ulikuwa umekunjika kama nimekaa kwenye kigoda! Siti ilikuwa chini kwa sentimita 3. Hakuipandisha yote siku ile. Alizungushia tepu nyeusi kwenye bomba la siti kuweka alama, akapandisha nusu sentimita, akaniambia niendeshe siku kadhaa ndipo niongeze. Ilichukua karibu mwezi mzima. Leo goti haliumi.

Nyie wengine?

Mwalimu, Kikuyu
Pole sana ndugu. Mimi yangu ilikuwa kinyume: maumivu nyuma ya goti, maana siti ilikuwa juu mno. Nilitumia ile hesabu iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3. Unasimama peku ukutani, unabana kitabu kati ya mapaja hadi juu kabisa, unapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mimi nilipata sentimita 81. Zidisha kwa 0.883, unapata 71.5: huo ndio umbali kutoka katikati ya ekseli ya chini ya fremu, ile inayoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya siti. Lakini ichukulieni kama pa kuanzia tu. Mke wangu aliyekuwa nyuma yangu aliona nyonga zinayumba huku na huku, nikashusha milimita 6 nyingine.

Mama wa Chamwino
Jamani, tuzungumze na siti yenyewe. Mimi nilikuwa nakufa ganzi sehemu ambazo hata kumweleza fundi naona haya. Nikakalia kipande cha boksi juu ya ngazi ya saruji, nikainama mbele kama niko barabarani. Nilipoinuka kulikuwa na mabonde mawili, alama za mifupa ya makalio. Katikati ya bonde hadi katikati ya jingine: sentimita 13. Siti yangu ilikuwa nyembamba, mifupa inaning'inia pembeni. Nilitafuta yenye upana wa 15 na nusu, yenye uwazi katikati. Dada zangu, msivumilie hilo jambo.

Mzee wa Nkuhungu
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Vidole viwili vya mwisho, mkono wa kulia, vilikuwa vinakufa ganzi kabla sijafika Ihumwa. Mnajua ule upepo wa kutoka mashariki wakati wa kiangazi, unakupiga usoni, unajikuta umeulalia usukani njia nzima. Nikadhani ni upepo tu. Kumbe pua ya siti ilikuwa imeinama, nateleza mbele, mwili wote unabebwa na viganja. Nikaweka pima maji ya mjenzi juu ya siti, nikaisawazisha. Pia nilibadilisha shingo ya usukani, kile kipande kinachouunganisha na fremu, kutoka urefu wa milimita 110 hadi 90. Sasa viwiko vinakunjika kidogo, na nikiongea sihemi.

Kijana wa Veyula
Yangu fremu ni kubwa, siti imeshuka hadi mwisho na bado kisigino hakifiki kwenye pedeli. Nifanyeje?

Mdau wa Ilazo
Mdogo wangu, hapo hakuna marekebisho, hiyo fremu si yako. Iuze au badilishana na mtu mrefu kabla hujaanza kuumwa. Na wale wenye fremu ndogo wanaopandisha siti sana: bombani kuna mstari wa mwisho. Ukionekana nje, rudisha chini, bomba linaweza kukatika ukiwa barabarani.