Mrejesho: Kituo cha vitanda 16 cha afya ya akili, Nairobi

Asanteni kwa majibu. Swali lilikuwa: kituo cha umma cha watu waliotoka wodini Mathari, hospitali ya taifa ya afya ya akili, lakini hawajawa tayari kurudi nyumbani kianzie wapi? Wengi mmesema mishahara kabla ya ramani, na hesabu inakubali.

Wiki ina saa 168, mtu hufanya kazi 40. Nafasi moja ya muuguzi, usiku na mchana, inakula watu 4.2, ongeza likizo na ugonjwa, andika 5. Wauguzi wawili kila zamu ni 10, bado mpishi na askari wa lango. Pesa za ujenzi peke yake huzaa jengo lenye kufuli.

Kwa hiyo ombi liingie kwenye mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti, unaofika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, kwa bajeti ya Julai inayofuata. Ukichelewa, umepoteza mwaka.

Ramani yenyewe imebadilika zaidi bafuni, ili mtu asipate pa kujidhuru: ndoano ya taulo ianguke ikibebeshwa uzito, bomba la kuogea lizamishwe ukutani, mlango uweze kufunguliwa kwa nje mtu akijifungia. Fundi atakuwekea ndoano ya kawaida usipoandika hivyo kwenye zabuni.

Maji: watu 20 (16 wa vitandani na wanne wa zamu) kwa lita 150 ni lita 3,000 kwa siku. Kwa mgao wa Nairobi, tangi la 10,000 ndilo la chini kabisa.

Majirani waitwe barazani kabla mabati ya uzio hayajasimama.