Naomba ushauri: mtoto aitwe Nahodha?

Assalam aleykum wenzangu. Nina mimba ya miezi minane, naishi hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nyumba nzima imegawanyika kwa sababu ya jina. Mume wangu ameshikilia mtoto akiwa wa kiume aitwe Nahodha. Babu yake alikuwa na jahazi, akileta boriti kutoka Lamu hadi Bandari ya Kale. Dira yake ya shaba bado iko kabatini; kioo kimepasuka lakini sindano yatetemeka ukiigusa tu.

Asili yake ni Kiajemi: nav ni chombo, khoda ni bwana, yaani mwenye chombo. Mimi nalipenda. Mavyaa ndiye hataki hata kulisikia. Asema hiyo ni kazi, si jina, na mtoto akija kuwa kinyozi je? (Nikacheka, akaninunia siku mbili.) Namwambia Wazungu wana Mason, ambaye ni mwashi, na Taylor, mshona nguo, wala hakuna anayewadai mwiko wala sindano.

Kama jina la ukoo lipo: Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, 2000 hadi 2010. La kwanza ndilo sijakutana nalo.

Kuna mwenye mwana wa jina hili? Shuleni hataniwi? Au nitangulize Salim kwenye cheti, Nahodha lifuate? Naogopa hapo nitawaudhi wote wawili. Akika ni siku ya saba, nijibuni mapema.